Sotoka: Historia ya Kumpa Daktari Mpya wa Mifugo

Ninyi mnaohitimu udaktari wa mifugo pale SUA, Morogoro, hamjamwona ng'ombe wa sotoka, wala hamtamwona. Mwaka 2011 ilitangazwa kuwa ugonjwa huo umetokomezwa duniani, wa pili katika historia baada ya ndui. Mimi nimestaafu kazi hii, na nawaomba muijue habari yake kabla hamjapangiwa vituo.

Uliingia Afrika ya Mashariki kupitia Massawa, Eritrea, mnamo 1887, ukatufikia mwanzoni mwa miaka ya 1890. Homa kali, machozi na kamasi, vidonda mdomoni, kisha kuharisha hadi kufa. Inakadiriwa ng'ombe tisa kati ya kumi walikufa katika maboma mengi ya Wamaasai. Mwaka 1892 Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria, alipita Ngorongoro akakuta watu waliobaki mifupa mitupu wakiomba chakula. Nyati nao walikufa. Palipokosa walaji wa majani vichaka viliota, na mbung'o wakaja na vichaka.

Aliyetupatia chanjo bora ya sotoka, Walter Plowright, alihitimu udaktari wa mifugo London mwaka 1944, akaja Kenya angali kijana. Chanjo ya siku zile, iliyopitishwa kwa mbuzi, iliwalinda ng'ombe lakini baadhi yao iliwafanya waugue vibaya. Pale Muguga, karibu na Nairobi, yeye na wenzake walivikuza virusi vya sotoka vya aina ya Kabete katika seli za figo za ndama, wakavihamisha tena na tena, takriban mara 90, hadi vikapoteza ukali. Sindano moja ikatosha maisha yote ya ng'ombe. Atakayepelekwa maabara akachoshwa na kazi ya kurudiarudia, akumbuke chupa zile za Muguga.

Hata hivyo chanjo ilihitaji barafu, na barafu haikufika Karamoja wala nchi ya Waafar kule Ethiopia. Mnamo 1990 Jeffrey Mariner na wenzake walitengeneza aina iliyovumilia joto kwa wiki kadhaa. Waliochanja huko walikuwa wafugaji wenyewe, waliochaguliwa na jamii zao na kufundishwa. Wao ndio waliojua kundi limehamia wapi, na wao ndio waliotambua dalili mapema. Hapa ndipo ninapotaka mtulie, maana chuoni hamkupewa mtihani wa kusikiliza.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Simanjiro. Kabla sijatoa kipimajoto mkobani, mzee mmoja aliushika mkono wangu akaupeleka chini ya sikio la ndama. "Gusa tezi hii, daktari. Oltikana." Ilikuwa ndigana kali kama alivyosema, na homa ilikuwa juu. Tangu hapo sikumchoma mnyama sindano kabla sijamsikiliza mfugaji hadi mwisho: mnyama amehama kutoka wapi, ameogeshwa lini, yupi mwingine anaumwa.

Sotoka ya mwisho kuthibitishwa ilionekana kwa nyati wa Hifadhi ya Meru, Kenya, mwaka 2001. Lakini ndugu yake, sotoka ya mbuzi na kondoo, alithibitishwa Tanzania mwaka 2008 na bado anaua. Mashirika ya dunia yamepanga kumtokomeza ifikapo 2030. Chanjo ipo. Ukipangiwa Longido au Kiteto, usitafute uhamisho. Nenda, jifunze salamu za wenyeji, na waulize akina mama, maana mara nyingi wao ndio wanaoshinda na mbuzi.