Bure na Huria: Mjadala wa Umiliki wa Programu za Kompyuta na Nafasi ya Kiswahili

Mjadala kuhusu nani ana haki ya kumiliki programu za kompyuta aghalabu huelezwa kana kwamba ni ugomvi wa wahandisi na wanasheria, usiomhusu mtaalamu wa lugha. Dhana hiyo haina budi kutazamwa upya. Tangu ilipodhihirika kwamba kukiingiza Kiswahili katika kompyuta kunahitaji ruhusa, na kwamba ruhusa hiyo ina mwenyewe, historia ya ugomvi huo imekuwa sehemu ya historia ya Kiswahili chenyewe.

Programu hazikuanza zikiwa bidhaa. Katika miaka ya 1950 na 1960 kompyuta ilikuwa mtambo wa kujaza chumba, na programu zilifuatana nayo kama ufunguo unavyofuatana na kufuli. Kampuni ya IBM, iliyolitawala soko hilo, iliwapa wateja wake pia msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu kama alivyoyaandika mtunzi, kabla hayajageuzwa kuwa tarakimu zinazoeleweka na mashine pekee. Wateja hao waliunda chama chao, SHARE, mwaka 1955, wakawa wanabadilishana programu walizojitungia. Hakuna aliyeuita utaratibu huo uhuru. Ulikuwa desturi tu. Desturi hiyo ilianza kuvunjika mwaka 1969, pale IBM, ikikabiliwa na shinikizo la sheria za Marekani dhidi ya ukiritimba, ilipotangaza kwamba programu zake zingeanza kuuzwa mbali na mitambo. Ajabu ni kwamba sheria iliyokusudiwa kuvunja ukiritimba mmoja ilisaidia kuzaa bidhaa ambayo baadaye ingejenga mwingine.

Hoja ya wamiliki ilitolewa mapema na kwa uwazi. Mwezi Februari 1976 Bill Gates, aliyekuwa kijana wa miaka 20, aliwaandikia barua ya wazi wapenzi wa kompyuta ndogo ya Altair. Alilalamika kwamba wengi wao walikuwa wakiitumia BASIC, programu aliyoitunga pamoja na wenzake, bila kuilipia. Kwamba muda wa kompyuta uliotumika kuitunga ulikuwa na thamani ya zaidi ya dola 40,000. Na kwamba mapato yake, yakigawanywa kwa saa za kazi, hayakufikia dola 2 kwa saa. Nani, aliuliza, atakubali kufanya kazi ya kitaalamu kwa ujira wa namna hiyo? Wapinzani wa Gates mara nyingi hulipita swali hilo haraka mno. Kila mtunzi wa kamusi ya Kiswahili aliyewahi kuikuta kazi yake ikiuzwa kwa nakala za fotokopi karibu na lango la chuo analielewa bila kufafanuliwa.

Upande wa pili ulichukua muda kupata msemaji. Katika maabara za Bell, zilizokuwa mali ya kampuni ya simu ya AT&T, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza mwaka 1969 kutunga Unix, mfumo endeshi, yaani programu mama inayosimamia kazi zote za kompyuta. Kwa kuwa makubaliano ya kisheria ya mwaka 1956 yaliizuia AT&T kufanya biashara nje ya mawasiliano, Unix ilitolewa kwa vyuo vikuu pamoja na msimbo wake kwa ada ndogo, na kizazi kizima cha wanafunzi kilijifunza fani hiyo kwa kuusoma. AT&T ilipogawanywa mwaka 1984 kizuizi kile kiliondoka. Mfumo uliokuwa kitabu cha kiada ukageuka kuwa bidhaa ya kuuzwa.

Wakati huohuo Richard Stallman, aliyefanya kazi katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT, alikuwa amekwisha kupata somo lake kutokana na printa. Printa ya zamani ya maabara hiyo ilikuwa ikikwama karatasi, naye aliirekebisha programu yake ili imjulishe kila aliyekuwa akisubiri kazi yake. Ilipoletwa printa mpya kutoka Xerox, nayo ikikwama vilevile, msimbo chanzo haukuja nayo. Stallman alimwendea mtaalamu wa chuo kingine aliyekuwa na nakala, akakataliwa, kwa sababu mtaalamu huyo alikuwa ametia sahihi ahadi ya kutoutoa kwa mtu. Kisa ni kidogo, hata cha kuchekesha. Lakini ndani yake mna kiini cha mjadala wote. Aliyejua kuitengeneza printa alikuwapo, nia alikuwa nayo, na alichokosa ni haki. Septemba 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kutunga mfumo endeshi mzima ambao kila mtu angeruhusiwa kuutumia, kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza. Mwaka 1985 aliasisi taasisi ya kuusimamia, na mwaka 1989 ikatolewa leseni ya jumla ya GNU, ijulikanayo kwa kifupi kama GPL.

Leseni hiyo yafaa ielezwe kwa kituo, kwani aghalabu hudhaniwa kwamba inafuta hakimiliki. Haifuti hata kidogo, inaitegemea. Mtunzi hubaki mmiliki mbele ya sheria, na kwa nguvu ya umiliki huo huweka sharti moja: anayeisambaza programu, iwe kama alivyoipokea au baada ya kuibadili, ampe mpokeaji msimbo chanzo pamoja na haki zilezile alizopewa yeye. Watu wa mwambao wa Afrika Mashariki wana taasisi ya kale inayofanana mno na mpango huu, nayo ni wakfu. Mwenye kuweka kisima au shamba wakfu hakitupi kitu chake. Hukitoa katika mzunguko wa kuuzwa na kurithiwa, kisha huweka masharti yatakayodumu baada yake. Atakaye atateka maji. Hakuna atakayekiwekea kisima kufuli na kudai malipo. Ulinganisho huu una mpaka wake, kwa kuwa wakfu huhitaji msimamizi, ilhali leseni ya GPL haimlazimishi mtu yeyote kukitunza kisima. Pengo hilo litaonekana tena Kiswahili kitakapoingia katika habari hii.

Mradi wa GNU ulipata sehemu nyingi za mfumo isipokuwa kiini chenyewe. Kiini hicho kilitoka Helsinki, ambako mwanafunzi Linus Torvalds alitangaza mwezi Agosti 1991 kwamba alikuwa akitunga mfumo kwa kujifurahisha. Mwaka uliofuata aliuweka chini ya GPL. Januari 1992 mhadhiri Andrew Tanenbaum wa Amsterdam, mtunzi wa mfumo wa kufundishia uitwao Minix, aliushambulia Linux kuwa ni wa kizamani kwa namna ulivyojengwa. Kwa nadharia ya usanifu hoja za Tanenbaum zilikuwa na uzito. Lakini Minix wakati huo ilikuwa na mipaka ya leseni, ilhali Linux ilipokea mchango wa kila mwenye uwezo. Wachangiaji wakaenda walikoruhusiwa kuchangia.

Hadi hapa mjadala ulikuwa umeendeshwa kwa Kiingereza, na Kiingereza kiliutia kasoro. Neno free la lugha hiyo hubeba maana mbili, ya kutokuwa na bei na ya kutokuwa na kizuizi, hata Stallman akalazimika kueleza tena na tena kwamba alizungumzia uhuru wa kusema, wala si bia ya kunywa bila kulipa. Kwa sehemu ni kwa kukimbia utata huo, na kwa sehemu ni kwa kutaka kuwatuliza wafanyabiashara, ambapo mwaka 1998 kundi lililomjumuisha Eric Raymond lilieneza istilahi nyingine, open source, yenye kusisitiza uwazi wa msimbo na ubora wa kazi badala ya haki. Stallman aliikataa. Kwake yeye, kuusifu uwazi bila kuutaja uhuru kulikuwa ni kuuza kiini cha hoja.

Kiswahili hakina utata wa kwanza. Kisicho na bei ni cha bure. Kisicho na kizuizi ni huria. Zaidi ya hayo, neno bure lina maana ya pili inayolitia doa, ile ya kukosa faida, kama katika kazi bure, kiasi kwamba anayeisifu programu kuwa ni ya bure huenda asikiwe akisema haifai kitu. Istilahi programu huria, ambayo ndiyo iliyoenea, iliondoa mashaka hayo kwa mkato mmoja.

Hata hivyo, huria nayo ina historia yake. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kinatumia neno hilo kwa maana ya kilicho wazi kwa wote. Soko huria, istilahi iliyosikika kila siku nchini Tanzania katika miaka ya mageuzi ya uchumi, inalitumia kwa maana ya biashara iliyoondolewa vizuizi vya serikali. Kwa hiyo neno lililotofautisha uhuru na bei likaunganisha kile ambacho Stallman na Raymond walikuwa wakigombania: huria ni ya kambi ya uhuru na ya kambi ya uwazi kwa pamoja. Na kwa msikilizaji wa Dar es Salaam aliyezisikia enzi za Ujamaa na zilizofuata, lilikuwa na harufu ya ubinafsishaji, yaani kinyume kabisa cha alichokusudia Stallman. Hapakuwa na istilahi isiyo na deni. Programu za uhuru ingeelekeza fikra kwenye bendera na mwaka 1961. Programu wazi ingemfurahisha Raymond peke yake.

Katika Afrika Mashariki yenyewe hoja ya bei ilikuwa dhaifu kuliko ilivyodhaniwa na wafadhili. Nakala za Windows zisizo na leseni zilipatikana kwa urahisi, na mtu aliyekwisha kupata kitu bila kukilipia havutwi na ahadi ya kukipata bila kukilipia. Kilichokuwa na uzito ni haki ya kurekebisha, na hasa ya kutafsiri. Nakala ya wizi humpa mtu matumizi. Haimpi uwezo wa kuigeuza menyu iwe Kiswahili.

Mwaka 2004 njia mbili zilijitokeza karibu kwa wakati mmoja. Mradi wa Kilinux, uliokiunganisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wataalamu wa Sweden kwa msaada wa shirika la Sida, ulitafsiri OpenOffice, programu ya kazi za ofisi ambayo msimbo wake ulikuwa umefunguliwa na kampuni ya Sun mwaka 2000, na kuitoa kwa jina la Jambo OpenOffice. Watafsiri hawakuhitaji kumwomba mtu ruhusa. Leseni ilikwisha kuitoa. Mwaka huohuo Microsoft nayo ilitangaza mpango wa kuzitoa Windows na Office kwa Kiswahili. Kilichofuata kilikuwa kifurushi cha lugha, kama vazi la Kiswahili lililovishwa juu ya programu ya Kiingereza, likifunika sehemu zitumikazo zaidi. Si haki kulidharau vazi hilo, kwa kuwa kampuni ilikuwa na fedha za kuwalipa wataalamu wa istilahi, jambo ambalo taasisi za lugha za ukanda huu hazikuwa nalo kwa wingi. Lakini uamuzi wa lini litashonwa, litafunika nini na litavuliwa lini ulibaki kwa mwenye programu.

Athari moja ya njia hizo mbili haijaangaliwa vya kutosha. Programu hutambulisha lugha kwa alama ya lugha na ya nchi. Katika orodha ya Windows, Kiswahili kiliandikishwa kuwa cha Kenya. Katika OpenOffice, kuwa cha Tanzania. Hivyo mgawanyiko ambao Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 iliundwa kuuziba, na ambao bado unasikika pale Mkenya anapoandika tarakilishi na Mtanzania kompyuta, ukapata makao mapya ndani ya mashine, mmoja kwa kila kambi ya umiliki. Wala haukuletwa na nadharia yoyote ya uhuru au mali. Ulitokana na mahali kazi ilipofanyiwa.

Miaka iliyofuata haikumpa ushindi mtetezi yeyote. Mwaka 2010 kampuni ya Sun iliponunuliwa na Oracle, wachangiaji wengi wa OpenOffice walijitenga na kuanzisha LibreOffice; kwa kuwa msimbo ulikuwa huria, tafsiri za lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwamo, ziliweza kuhama pamoja nao. Huo ni uthibitisho wa thamani ya wakfu. Lakini kila toleo jipya huja na maneno mapya, na neno lisilotafsiriwa hujitokeza kwa Kiingereza; ruhusa ya kutafsiri hailipi mshahara wa mtafsiri. Jiji la Munich, lililokuwa na fedha kuliko idara yoyote ya Kiswahili, liliamua mwaka 2003 kuingia Linux, likahamisha kompyuta zipatazo 15,000 kufikia 2013, kisha baraza lake likapiga kura mwaka 2017 kurejea Windows. Microsoft kwa upande wake, ambayo mkuu wake Steve Ballmer aliufananisha Linux na saratani mwaka 2001, iliinunua GitHub, ghala kubwa la misimbo huria, mwaka 2018 kwa dola bilioni 7.5.

Leo mkulima wa Sumbawanga na mwalimu wa Malindi wenye simu za Android wanashika mkononi kiini cha Linux, kikiwa chini ya leseni ileile ya GPL, na juu yake programu nyingi zenye mwenyewe ambazo hawawezi kuzisoma wala kuzirekebisha. Majina ya miezi na siku wanayoyaona kwa Kiswahili hutoka katika jedwali moja, CLDR, linalotunzwa na taasisi ya Unicode na kutolewa kwa leseni huria; Apple, Google na Microsoft zote huchota humo. Katika jedwali hilo Kiswahili kimeandikishwa kwa nchi nne: Tanzania, Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.