Sanduku, Fomu na Mshitiri: Nani Alikuwa Anaamua Dawa Ipi Ifike Mikumi?

Nimekulia Mikumi, pembeni ya barabara kuu iendayo Zambia. Ukikaa barazani kwetu unaona dunia nzima inapita: malori ya mafuta, mbolea, mitumba, magari ya Kongo. Nikiwa darasa la pili nilishikwa na malaria, mama akanibeba mgongoni hadi zahanati. Jina la zahanati nitaliacha, maana kosa halikuwa lao peke yao. Nikapimwa, nikaandikiwa, halafu mhudumu akatamka ile sentensi ambayo bila shaka na wewe msomaji umewahi kuisikia: "Dawa zimeisha mama, kajaribu dukani."

Tukavuka barabara. Dukani dawa ilikuwepo.

Swali lililonikaa kichwani siku ile lilikuwa la kitoto kabisa: malori yote haya yanapita hapa, inakuwaje dawa haifiki ng'ambo hii ya barabara? Miaka mingi baadaye, nikisoma kwa ajili ya tasnifu yangu, nikagundua kwamba swali lenyewe si baya. Ila jibu lake halianzi na barabara wala malori. Linaanza na kujua ni nani aliyekuwa anaamua dawa ipi ije, kiasi gani, na lini.

Turudi nyuma kidogo. Baada ya Azimio la Arusha, serikali ilijenga zahanati na vituo vya afya vijijini kwa kasi kubwa. Majengo yakawepo, waganga wasaidizi wakafunzwa. Dawa zikawa hadithi nyingine. Mwaka 1978 daktari Mwingereza John Yudkin, aliyewahi kufanya kazi Dar es Salaam, aliandika kwenye jarida la Lancet kuhusu jinsi kampuni za dawa zilivyokuwa zinauza bidhaa zao Tanzania. Kwa ufupi, fedha chache za nchi zilikuwa zinaishia kwenye dawa za gharama zilizopigiwa debe na mawakala, huku zahanati za vijijini zikikosa vitu vya kawaida kabisa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, yaani 1977, Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu, takribani 200 hivi. Wazo lilikuwa rahisi: nchi maskini haihitaji maelfu ya dawa, inahitaji chache zinazotibu magonjwa ya watu wengi, na zipatikane kila siku. Leo linaonekana la kawaida. Wakati ule liliwaudhi wenye viwanda kwelikweli.

Halafu ikaja vita ya Kagera, mafuta yakapanda bei, fedha za kigeni zikakauka. Waulize wazee wa Kilosa kuhusu miaka ile ya foleni za sukari na sabuni. Kama sabuni ilikuwa shida, unadhani penisilini ilikuwaje?

Hapo ndipo sanduku linapoingia. Kuanzia 1983/84, kwa fedha za Denmark kupitia Danida na ununuzi wa UNICEF, Tanzania ilianza mpango wa dawa muhimu kwa mtindo wa "kit". Kila zahanati ilipangiwa sanduku lake, limefungwa, lisifunguliwe njiani. Ndani yake kulikuwa na dawa za msingi kwa hesabu iliyopangwa mbali. Zahanati ilipangiwa la kwake, kituo cha afya la kwake, kubwa kidogo.

Naomba tusilicheke sanduku hili haraka. Kwa mara ya kwanza mganga wa kijijini alijua kuna kitu kinakuja, na kufungwa kwake kulisaidia kupunguza vidonge "kuyeyuka" njiani. Tatizo ni kwamba sanduku halikuwa na masikio. Chukua kijiji cha milimani kama Vidunda, ambako baridi na vifua ndio malalamiko, na mji wa tambarare kama Kimamba, kwenye mashamba ya mkonge, ambako mbu hawana mapumziko. Zote mbili zilipangiwa dawa zilezile. Huku dawa fulani inarundikana hadi inaisha muda wake, kule imekwisha katikati ya mwezi, na hakuna fomu ya kusema "jamani, tupunguzieni hiki, tuongezeeni kile". Mganga aliyejua wagonjwa wake kwa majina hakuulizwa.

Bohari ya Dawa, MSD, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1993 na kuanza kazi 1994. Mwaka huohuo wa 1993 uchangiaji wa gharama za matibabu ulianza. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi ikaanza kuhama polepole kutoka kupewa kwenda kuomba, kwanza kwa indenti, kisha mwaka 2005 ukajaribiwa Dodoma na Iringa mfumo ambao baadaye ulienea nchi nzima: kila robo mwaka kituo kilihesabu kilichobaki, kilijaza fomu ya R&R, kiliagiza. Sasa mganga mfawidhi akapata sauti. Pia akapata kazi ya uhasibu ambayo wengi hawakuwahi kuisomea.

Hebu chukua ramani ufuatilie dawa ya Mikumi katika miaka ile MSD ilipokuwa inaishia kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Inatoka Dar, inafika Morogoro. Mikumi iko mbele tu kwenye lami, kilomita mia na kitu. Lakini makao makuu ya wilaya ni Kilosa. Kwa hiyo dawa inakata kulia kuelekea Dumila, inashuka hadi Kilosa mjini, inasubiri stoo ya wilaya ipate gari na mafuta, ndipo irudi kusini karibu kilomita 80 za vumbi, masika ni tope, hadi Mikumi ambako malori ya kutoka Dar yanapita kila dakika. Nilipoielewa njia hii nilicheka peke yangu maktaba. Na Mkondoa nao hauna utani: mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliikata hata reli ya kati pale Kilosa.

Ndiyo maana maduka yaliendelea kuwa zahanati ya pili. Enzi zangu yalikuwa maduka ya dawa baridi, ambayo kisheria hayakutakiwa kuuza antibayotiki, na wote tunajua yalikuwa yanauza. Mwaka 2003 mkoani Ruvuma serikali ilianza kuyageuza kuwa Maduka ya Dawa Muhimu: muuzaji anapewa mafunzo, duka linakaguliwa, na baadhi ya dawa za cheti zinaruhusiwa. Morogoro ilikuwa kati ya mikoa iliyofuata. Mimi nauona huu kama uamuzi wa kiutu uzima, kukubali mahali watu wanakokwenda badala ya kujifanya hawaendi.

Halafu kuna mshitiri. Shida ya kuomba ni kwamba unaweza kujibiwa "hakuna". MSD ikikosa dawa, kila kituo kilitakiwa kuhangaika na nukuu za bei kwa wauzaji binafsi, kwa kiasi kidogo na bei ya juu. Mwaka 2014 Dodoma, kwa msaada wa Uswisi, ikaanza Jazia: mkoa mzima unamchagua kwa zabuni muuzaji mmoja, bei zinafungwa kwa mkataba, na vituo vinaagiza kwa pamoja kupitia wilaya kile tu ambacho MSD imekosa. Upatikanaji wa dawa za kipimo Dodoma ulipanda kutoka asilimia 69 mwaka 2014 hadi 94 mwaka 2018. Mwaka 2016 Jazia ikaja Morogoro na Shinyanga, na 2018 mikoa yote ya bara.

Ni mfumo mzuri na nimeusifia sana kwenye tasnifu. Ila kuna jambo linanisumbua. Jazia inajaza kwa pesa ya kituo: michango ya wagonjwa, bima, na ule mgao wa mfuko wa pamoja ambao tangu 2017/18 unaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Kituo cha barabarani Mikumi, chenye madereva na wafanyabiashara wanaolipa taslimu, kina kitu cha kujazia. Zahanati ya mlimani, ambayo wengi wa wagonjwa wake ni watoto chini ya miaka mitano, wajawazito na wazee wasio na uwezo, yaani watu waliosamehewa kulipa, inautegemea zaidi mgao ule. Ukichelewa, mganga anajua kabisa dawa gani anahitaji, fomu anaijaza vizuri, bei anaijua, mshitiri yupo, na akaunti haina kitu.

Lile sanduku la Danida lilikuwa kiziwi, lakini halikuwahi kumuuliza mtu ana shilingi ngapi. Mama bado anaishi palepale Mikumi. Juzi alikwenda kituoni akapewa dawa yake ya presha yote, akanipigia kunitaarifu kama vile ameshinda bahati nasibu.