Nguvu ya Injini na Nguvu ya Magurudumuni

Mwezi Agosti 1999 kampuni ya Ford ilisimamisha uuzaji wa Mustang Cobra, gari la spoti la milango miwili lililotayarishwa na kitengo chake cha SVT. Karatasi za gari hilo zilitangaza nguvu farasi 320, yaani 15 zaidi ya Cobra ya 1998. Wenye magari wakayapeleka kwenye daino, mashine yenye mapipa ya chuma ambayo gari hupandishwa juu yake na kuyazungusha kwa matairi. Namba zilizotoka zilikuwa ndogo mno, hata ukikadiria kwa ukarimu kinachopotea njiani. Hawakuwa wamepima injini. Walipima magurudumu, kisha wakarudi nyuma kwa hoja mpaka injini. Ford ilikubali kwamba kuna kasoro, ikayaita magari, ikabadilisha manifoldi ya kuingizia hewa, sehemu ya ekzosi na programu ya kompyuta ya injini. Mwaka 2000 hakukuwa na Cobra ya kawaida sokoni.

Ugomvi huo ulikuwa baina ya namba mbili zilizochukuliwa mahali pawili tofauti, na katika Kiswahili cha magari namba hizo mbili bado tunaziita kwa jina moja. Tunasema gari lina nguvu farasi 320, basi. Hatutaji zilipimwa wapi, ilhali bila hilo namba haina maana kamili.

Nguvu hapa ni kazi inayofanyika kwa muda fulani, wala si kani ya kusukuma. James Watt, akiwauzia watu mashine za mvuke, alihesabu farasi mmoja kuwa sawa na kuinua ratili 33,000 kwa futi moja katika dakika moja. Hiyo ni wati 745.7. Wajerumani na Wajapani hutumia farasi wa kimetriki, wati 735.5, aliye mdogo kidogo. Kwa hiyo nguvu farasi 280 za karatasi ya Kijapani ni kama 276 za karatasi ya Kimarekani, na anayeagiza gari lililotumika kutoka Japani, kisha akalilinganisha na lililopimwa Marekani, amekwisha kukosea kabla hata injini haijawashwa.

Kiswahili kina kiambishi kinachofaa kabisa kwa kazi hii, nacho ni -ni ya mahali. Tunasema kazi za nyumbani, samaki wa baharini, mazao ya shambani. Vivyo hivyo ninapendekeza tuseme nguvu ya magurudumuni kwa ile inayopokelewa na daino kupitia matairi, na tuiache nguvu ya injini kwa ile inayopimwa mwisho wa krenki shafti, injini ikiwa imefungwa kwenye meza ya majaribio. Mafundi wengi huiita ile ya kwanza nguvu halisi. Siungi mkono jina hilo. Linamfanya msikilizaji aamini kwamba namba ya injini ni ya uongo, na zaidi ya hapo neno halisi lina kazi nyingine inayolingoja.

Kazi hiyo inaonekana vizuri katika Marekani ya miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970. Wakati huo viwanda vilipima injini ikiwa karibu uchi: haina kichujio cha hewa, alteneta haifanyi kazi, na moshi unatoka kwenye mabomba mapana ya maabara badala ya ekzosi itakayofungwa chini ya gari. Wahasibu wetu wana jozi nzuri ya maneno, mapato ghafi na mapato halisi, na jozi hiyo inahamia hapa bila kuumizwa. Injini uchi hutoa nguvu ghafi, na injini iliyovaa vifaa vyake vyote hutoa nguvu halisi. Mwaka 1971 Chevrolet ilitoa namba zote mbili kwa injini ya Corvette LT-1: ghafi 330, halisi 275. Ilikuwa injini ileile, lakini farasi 55 walikuwa wamekwenda kwenye mavazi yake. Kuanzia magari ya 1972 viwanda vya Marekani vikashika namba halisi, na watu wengi wakadhani magari yao yamedhoofishwa kwa usiku mmoja. Kwa kweli injini zilikuwa zikipunguzwa mgandamizo wakati huohuo kwa sababu ya sheria za moshi, lakini sehemu kubwa ya anguko lile ilikuwa badiliko la kipimo tu.

Kwa hiyo tuna vituo vitatu: ghafi, halisi, na magurudumuni. Safari ndefu ni kati ya cha pili na cha tatu.

Chukua gari la spoti lenye injini mbele na magurudumu ya kusukuma nyuma. Nguvu inatoka kwenye krenki, inapita klachi, inaingia giaboksi ambako meno ya gia yanasuguana ndani ya mafuta, inakwenda kwenye propela, kisha inafika kwenye difu. Hapo lazima igeuzwe pembe mraba ili ifike kwenye ekseli, na gia za difu ya namna hiyo huteleza zikisuguana zaidi kuliko gia za kawaida, ndiyo maana difu hupata moto. Halafu kuna beringi, na mwisho kabisa tairi lenyewe, linalojikunja na kujikunjua juu ya pipa la chuma na kugeuza sehemu ya nguvu kuwa joto. Gari la injini iliyolazwa kwa upana, linalovuta kwa mbele, halina ule mgeuko wa pembe, hivyo kwa kawaida hupoteza nguvu chache kuliko hilo. Linaloendesha magurudumu yote manne hupoteza nyingi zaidi.

Hapa watu huchanganya jambo moja kila mara. Gia huongeza kani ya kuzungusha, ile inayoitwa toki gerejini, lakini haiongezi nguvu. Ukiwa gia ya kwanza, toki inayofika gurudumuni ni mara nyingi ya ile ya injini, lakini gurudumu linazunguka polepole kwa kiasi hichohicho, na zao la mambo hayo mawili haliwezi kuzidi kilichotoka injinini. Daino hugawa toki kwa uwiano wa gia ili grafu ilingane na mzunguko wa injini. Ndiyo sababu fundi makini huchagua gia ya moja kwa moja, ambayo katika magari mengi ya zamani ya gia tano ni ya nne: propela inazunguka sawasawa na krenki na nguvu haipiti kwenye jozi za meno za giaboksi.

Kuna upotevu mwingine ambao si upotevu. Daino nyingi hupima kwa kutazama jinsi gari linavyoongeza kasi ya pipa zito. Wakati huo flaiwili, propela, rimu na matairi nayo yanaongezewa kasi, na nguvu inayoingia humo haifiki kwenye pipa. Haikuchomeka. Imehifadhiwa katika mzunguko. Badilisha rimu nzito kwa nyepesi na namba ya magurudumuni itapanda, ingawa injini haijaguswa.

Sasa ile kanuni maarufu ya asilimia 15. Mtu anapima, anapata 272, anagawa kwa 0.85 na kutangaza kwamba injini yake ina 320. Hesabu hiyo inachukulia kwamba giaboksi inameza sehemu ileile ya kila farasi. Msuguano wa beringi na mafuta hautii sharti hilo: sehemu yake hufuata kasi ya mzunguko zaidi kuliko mzigo. Ukiongeza turbo na injini ikapata farasi 100 zaidi, difu ileile haitameza 15 kati ya hao kwa sababu tu kanuni inataka. Toyota GR Supra ya 2020 iliwaumbua wanaoitegemea kanuni hii. Ilitangazwa Marekani kwa nguvu farasi 335, na daino kadhaa zikaonyesha takriban kiasi hichohicho magurudumuni. Hakuna difu isiyopoteza kitu. Kiwanda ndicho kilichotangaza kidogo kuliko injini inavyotoa. Wajapani wana historia ndefu ya hilo: kuanzia 1989 mpaka 2004 viwanda vyao vilikubaliana kutotangaza zaidi ya farasi 280, na Nissan Skyline GT-R iliuzwa kwa namba ileile kuanzia 1989 mpaka 2002 huku waliopima wakijua ina zaidi.

Daino zenyewe hazikubaliani. Ya pipa zito mara nyingi hutoa namba kubwa kuliko ile inayozuia pipa kwa breki ya sumaku. Upepo wa matairi na jinsi mikanda ilivyokazwa hubadilisha matokeo. Kisha kuna marekebisho ya hali ya hewa, na hapa msomaji wa Nairobi asikilize kwa makini. Shinikizo la hewa katika mwinuko ule ni kama asilimia 83 ya lile la Mombasa, na injini isiyo na turbo, mfano Toyota 86, huacha karibu sehemu moja ya sita ya nguvu zake chini pwani. Programu ya daino huirudishia injini kwa hesabu, ili namba ilingane na hewa ya usawa wa bahari. Namba iliyorekebishwa inafaa kulinganisha magari. Lakini dereva anayepanda Limuru hana farasi wale waliorudishwa na kompyuta.

Kwa hiyo anayetangaza gari lake aandike namba pamoja na mahali pake na mazingira yake: 268 magurudumuni, gia ya nne, aina ya daino, imerekebishwa au haikurekebishwa. Na akitaka kujua kama ekzosi mpya imesaidia, apime kabla na baada, mashine ileile, siku ileile, matairi yaleyale. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ataiamini hata kama nguvu ya injini yenyewe hataijua kamwe.