Kuku wa Eldoret na adui wa usiku: banda lipimwe kwa kichwa cha kanu

Mtu wa pwani akihamia Eldoret, awe amepelekwa na kazi, duka au ndoa, haupiti mwaka kabla hajaanza kufuga kuku. Ua upo, makombo ya wali yapo, na kuku wa kienyeji sokoni hashikiki bei. Taabu ni kuwa huenda na banda la kwao kichwani. Huku kwetu tumezoea kuku alale tengani, jikoni au juu ya mti, na maadui tunaowalaani zaidi ni wa mchana: mwewe, kunguru na kenge. Eldoret hasara huja usiku, tena mara nyingi haiishii kwa kuku mmoja. Mama alilaza kumi na wawili, alfajiri anakuta wawili ndio wako hai. Hao kumi walikuwa sare ya shule na daftari za muhula ujao.

Mji wenyewe uko kiasi cha mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Ulipewa hadhi ya jiji Agosti 2024, lakini pembezoni mwake bado nyumba zimepakana na mashamba ya mahindi, na Mto Sosiani unapita katikati na vichaka vyake. Vichaka hivyo na mitaro ya maji ndizo njia za wanyama wadogo wa usiku. Hawakuhamia mjini, mji ndio uliowafuata.

Kabla hujanunua hata msumari mmoja, tazama mabaki. Ukikuta kuku kadhaa wamekufa, wameumwa shingoni, vichwa au vifua vimeliwa na miili imeachwa, mshuku kanu, nguchiro mwenye mkia mweupe ambaye hutembea usiku, au kicheche, ambaye harufu yake hutangulia. Wenzetu wa bara huwaita wote paka mwitu. Kanu si paka: ni mwembamba, ana madoa, mkia mrefu wenye mapete meusi, na hupanda ukuta bila shida. Watu husema ana roho mbaya kwa kuua asichokula. Mimi sioni roho mbaya hapo. Kuku gizani haoni karibu kitu. Hakimbii, hupapatika palepale, na kila anayepapatika humchochea mwindaji aume tena. Porini ndege wengine wangekuwa wamesharuka. Bandani hawana pa kwenda.

Kuku mzima akitoweka na manyoya yakatapakaa kuelekea uani, huyo ni mbweha, mondo au mbwa wa jirani, na huyu wa mwisho watu hupenda kumsahau kwa sababu kumtaja ni ugomvi. Kuku wakitoweka bila kuacha hata unyoya, mwizi ana miguu miwili. Dawa yake ni kufuli, hasa wiki za kabla ya Idi na Krismasi. Ukikuta mwili ndani bila kichwa na mlango haujaguswa, kuku alilala ameegemea waya akavutwa kutoka nje. Vifaranga wakipungua mmoja mmoja bila damu, tafuta panya au nyoka.

Sasa waya. Ule wenye matundu ya pembe sita tunaouita waya wa kuku, jina lake linadanganya. Umetengenezwa kumzuia kuku asitoke, si kumzuia mnyama asiingie. Mbwa akiamua huupasua, panya hupita, na mkono wa kanu hufika ndani. Banda lisipimwe kwa mwili wa kuku, lipimwe kwa kichwa cha kanu, kwani panapopita kichwa chake, mwili hufuata. Kipimo cha haraka: tundu linalopitisha ngumi ya mtoto mdogo ni mlango. Nunua waya mgumu wenye matundu yasiyozidi nusu inchi, kama ule wa kuanikia kahawa. Ni ghali zaidi, lakini huhitaji kuzungushia banda zima; ni wa madirisha na ule upenyo chini ya paa ambao fundi huuacha wazi kila mara. Kuta ziwe mbao au mabati. Mabanzi ni rahisi kupatikana Eldoret, ila yakikauka hunywea na kuacha nyufa, kwa hiyo yakague tena baada ya miezi michache.

Chini, wachimbaji huingia pale ukuta unapokutana na udongo. Tandaza waya huohuo kutoka ukutani kwenda nje kiasi cha sentimita 40, ufukie kidogo na uweke mawe juu. Mnyama huanza kuchimba palepale ukutani, akikutana na waya hukata tamaa. Banda la miguu nalo ni zuri, likiinuliwa mita moja na kila mguu ukavalishwa bati laini lisilokwareka.

Kuna kosa la upande wa pili, nalo ni letu hasa watu wa joto. Tukihisi baridi ya Julai kule juu tunaziba kila kitu kwa magunia na nailoni. Kanu haingii, kweli, lakini pumzi na samadi za kuku hubaki humo, hewa inawasha macho, na baada ya wiki wanakohoa na kutoka mafua. Kuku mkavu aliyeshiba huvumilia baridi. Kinachomdhuru ni unyevu na upepo unaompiga usiku kucha. Hivyo kuta zizibwe kabisa hadi juu ya vichwa vyao wakiwa kwenye fito, kisha hewa ipite juu, kwenye ule waya wa nusu inchi. Chini tia maranda makavu, uyabadilishe yakilowa.

Banda zuri lenye mlango uliosahauliwa ni kazi bure. Kuku huingia wenyewe jua likizama, na mwindaji anaijua saa hiyo. Sisi tuna saa yetu: funga kabla ya adhana ya Maghrib, si baada ya kurudi msikitini. Mafundisho ya Mtume ya kufunga milango usiku unapoingia tunayajua. Banda nalo lina mlango. Na kumbuka Maghrib ya Eldoret huja takriban robo saa baada ya ya Mombasa, kwa hiyo ratiba ya nyumbani haitakufaa. Tumia komeo linalozungushwa, si kamba.

Siafu ni habari nyingine. Msimu wa mvua huja kwa jeshi, na hapo banda lililofungwa barabara ndilo linalowaua kuku, kwa kuwa hawawezi kutoka. Miguu ya banda isimame ndani ya makopo yenye oili chafu, majani yakatwe pande zote. Wakishaingia, fungua utoe kuku, mengine baadaye.

Kuhusu mbwa, wengi wetu twasita. Hadithi sahihi zimeruhusu mbwa wa kulinda mifugo, wa shamba na wa kuwinda, na namna ya kuosha alipolamba twaifahamu. Asiyetaka afuge bata bukini. Kelele zao usiku zinatosha kuamsha mtaa.

Swali jingine ni la kuku aliyeumwa lakini bado yu hai. Aya ya 3 ya Sura ya al-Maida imeharamisha alicholiwa na mnyama, ikatoa kile mlichowahi kukichinja. Akiwa na uhai wa hakika, mchinje kwa bismillahi. Aliyekwisha kufa ni mzoga, hata kama bado ni wa moto.

Sumu usitege. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inaikataza, na paka wa nyumbani, bundi anayekulia panya, hata mtoto, wote hupita njia hiyo. Wala usingoje fidia ya serikali. Sheria hiyo ilifikiria simba, chui, fisi na wenzao wakubwa. Kanu na kicheche hawamo katika orodha.

Jambo la mwisho ni la dharura. Mnyama aliyekula jana hurudi leo, mara nyingi saa ileile. Waliobaki walale jikoni au stoo siku tatu nne huku ukiziba. Mizoga usiitupe jalalani wala mtoni: fukia kina cha mkono mzima, weka mawe juu, na uwe mbali na banda.