Kinu Bila Nafaka

Aliyelelewa kijijini anajua kwamba ukubwa wa kinu hauleti unga. Unga hutoka kwa yule aliyelima, akavuna, akaanika, kisha akabeba ungo wake mpaka penye kinu. Jambo hili ni dogo, na mama yeyote wa Newala au Mikindani anayetwanga makopa ya muhogo ataona halina haja ya kusemwa. Lakini nikitazama historia ya mji wa Mtwara, naona ni historia ya wakubwa waliolisahau, tena si mara moja bali mara mbili.

Kabla ya Mtwara kulikuwa na Mikindani, mji wa majahazi ulio mwendo wa kilometa 10 hivi kutoka Mtwara ya leo. Livingstone alianzia hapo safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866, na Wajerumani wakajenga boma lao hapo mwaka 1895. Mikindani ilikua polepole, kwa kufuata biashara iliyokuwepo. Mtwara haikukua hivyo. Mtwara ilichorwa kwanza kwenye karatasi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia. Ikaamuliwa karanga zilimwe Tanganyika kwa matrekta, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mpango ulianza mwaka 1947. Kwa ajili ya karanga za Nachingwea zilitakiwa reli na bandari yenye kina, na ghuba ya Mtwara ilikuwa na kina hicho. Viwanja vikapimwa, mitaa mipana ikachorwa. Lakini mvua haikufuata ramani, udongo ulikuwa mgumu, na matrekta yalikufa moja baada ya jingine. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa, ukiwa umemeza pauni zipatazo milioni 36. Gati la Mtwara lilifunguliwa mwaka 1954, miaka mitatu baada ya karanga kushindwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Huo ulikuwa mji wa kinu kilichokamilika nafaka ikiwa haipo.

Kilichouokoa mji ni mti ambao hakuna aliyeupangia. Mkorosho uliletwa na Wareno kutoka Brazil katika karne ya 16, ukaenea pwani ya Msumbiji na huku kwetu. Wamakonde, Wamakua na Wayao waliupanda kwenye mashamba yao pamoja na muhogo na mtama, kila mmoja kwa jembe lake. Hakukuwa na trekta wala mtaalamu mgeni. Hata hivyo, msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho zipatazo tani 145,000, nyingi zikitoka mikoa ya kusini. Bandari iliyojengewa karanga ikapata mzigo.

Hapo likaja wazo ambalo mimi siwezi kulicheka, kwa sababu lilikuwa wazo zuri. Korosho zetu zilikuwa zikienda India zikiwa ghafi, zikabanguliwa kwa mikono ya wanawake wa Kerala, na faida ikabaki huko. Kwa nini tusibangue wenyewe? Serikali ilikopa, ikiwa ni pamoja na fedha za Benki ya Dunia, ikanunua mashine za Italia na Japani. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi ilikuwa na viwanda 12, vyenye uwezo wa kubangua tani zipatazo 113,000 kwa mwaka. Vilijengwa Mtwara, Newala, Masasi, Lindi, Nachingwea na kwingineko. Kinu kipya kilikuwa tayari.

Lakini wakati mashine zinafungwa, shamba lilikuwa linafungwa pia. Mwaka 1973 ilitangazwa kwamba ifikapo 1976 kila mtu wa kijijini awe anaishi katika kijiji cha pamoja. Familia zikahamishwa, mikorosho ikabaki nyuma, mingine mbali mno kwa mtu wa miguu kwenda kuipalilia na kuokota korosho kisha arudi jioni. Bei aliyolipwa mkulima nayo ilizidi kupungua thamani. Kisha ukaja ubwiri unga, ukungu mweupe unaofunika maua ya mkorosho kama unga uliomwagika, na maua yakakauka kabla ya kutunga. Msimu wa 1986/87 mavuno hayakufika tani 20,000. Viwanda vikafunga milango kimoja baada ya kingine.

Uponyaji ulianzia shambani. Watafiti wa Naliendele, nje kidogo ya mji, walihimiza kupulizia salfa na wakazalisha miche bora. Wakulima walirudi kwenye mikorosho yao, biashara ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi miaka ya 1990, na mavuno yakapanda. Msimu wa 2017/18 yalizidi tani 310,000, zaidi ya mara mbili ya kilele cha zamani. Lakini sehemu kubwa ya korosho hizo iliondoka ikiwa ghafi, kwenda India na Vietnam. Baadhi ya viwanda vile vya zamani vilikwisha geuzwa maghala, na ndani yake zikawekwa korosho zilezile ambazo vilijengwa kuzibangua, zikisubiri meli.

Wapo wanaosema hayo yanathibitisha kwamba kiwanda si kazi yetu. Mimi sikubali. Tazama mashine ya kusaga ya kijijini, ile ya dizeli inayosikika toka mbali. Mwenyewe hana mtaalamu wala mkopo wa nje, lakini mashine yake huendelea kwa sababu kila siku wapo watu wanaokuja na debe kichwani. Mashine ile ikiharibika, kijiji kizima kinajua na kinauliza itatengenezwa lini.

Viwanda vya korosho havikuulizwa hivyo na mkulima, kwa sababu naye hakuulizwa wakati vinajengwa. Anayetaka kujenga kingine Mtwara, na wapo wengi wanaotaka, sina cha kumwambia zaidi ya hiki: aende kwanza Newala na Tandahimba, akae chini ya mkorosho na mwenye mkorosho, amsikilize mpaka mwisho. Mashine zitanunuliwa baadaye.