Mtoto wa miaka 10 hadi 14 bado anahitaji kucheza nje

Katika mitaa yetu, Nguvumali na kwingineko Tanga, mtoto akifika miaka 11 au 12 huanza kuambiwa: “Wewe sasa mkubwa, achana na michezo.” Msichana akivunja ungo ndiyo kabisa, anaitwa ndani. Mvulana naye anabanwa na tuisheni, au anaachwa azurure bila mtu kujua yuko wapi.

Nia ya mzazi ni njema: anataka mtoto awe salama na afaulu. Lakini huu ndio umri ambao mtoto anajifunza kujidhibiti, na mchezo wa nje ni moja ya mahali anapojifunzia.

Kujidhibiti ni nini?

Ni uwezo wa kusimama kidogo kabla ya kutenda. Kusubiri zamu, kumeza hasira, kumaliza kazi inayochosha, kusema “hapana” wenzake wanapomshawishi.

Kujidhibiti si woga. Mtoto anayetulia kwa kuogopa fimbo anadhibitiwa na mwenye fimbo. Mwenye fimbo akiondoka, utulivu nao unaondoka.

Jambo hili lina uzito. Huko New Zealand, watafiti waliwafuatilia watoto wapatao 1,000 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 katika mji wa Dunedin. Walipofika miaka 32, wale waliojidhibiti vizuri zaidi utotoni walikuwa na afya bora na matatizo machache ya fedha na ulevi. Hata wale ambao uwezo wao uliongezeka kadiri walivyokua walikuwa na hali nzuri zaidi. Kwa hiyo mtoto mwenye papara leo bado ana nafasi ya kubadilika.

Kwa nini anajua kosa na bado analifanya?

Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso ndiyo inayosaidia kupanga na kujizuia. Sehemu hiyo huendelea kukomaa hadi mtu anapopita miaka 20. Wakati huohuo, balehe huamsha mapema hisia kali na hamu ya kusifiwa na marafiki. Ndiyo maana mtoto anayekujibu vizuri nyumbani anaweza kufanya upuuzi akiwa na wenzake. Anahitaji mazoezi ya mara kwa mara, mahali ambapo kukosea hakumletei madhara makubwa.

Mchezo unamfundisha nini?

Chukua rede. Wawili wanarusha mpira, aliye katikati anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Akiwa na pupa, anapigwa. Akiogopa mno, chupa haijai. Lazima apime: sasa nijaze, sasa nikimbie.

Katika kombolela anajifunza kutulia mafichoni hata anapotamani kutoka. Katika chandimu hakuna refa, kwa hiyo wakibishana kama ni goli, wanapaswa kukubaliana wenyewe, la sivyo mpira unaisha. Hakuna anayewasimamia, kila mmoja anafuata sheria kwa sababu anataka mchezo uendelee.

Mwili nao unafaidika. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa angalau dakika 60 kwa siku za shughuli zinazowafanya wahemewe, kama kukimbia, kuruka kamba au kucheza mpira.

Unaweza kufanya nini?

• Mpe muda unaojulikana. Kwa wengi, kati ya saa 10 jioni na adhana ya magharibi panafaa, jua likiwa limepungua makali. Kama ana madrasa au tuisheni muda huo, tafuta siku nyingine za wiki.
• Gawa kazi za nyumbani kwa haki. Msichana asikose mchezo kila siku kwa sababu kaka yake haoshi vyombo.
• Msichana aliyevunja ungo anaweza kucheza, hata siku za hedhi akijisikia vizuri. Mhakikishie pedi au vitambaa safi, na nguo anayojisikia huru kukimbia nayo.
• Mpe kitu cha kutunza. Tuta la mchicha huwa tayari kwa wiki tatu hadi nne. Kumwagilia kila siku bila kuvuna mapema ni somo la subira.
• Wakigombana, usikimbilie kuamua. Kama hakuna anayeumizwa wala kuonewa, wape nafasi wapatane. Baadaye muulize: “Ulipokasirika, ulifanya nini?”
• Asicheze ukamnyima usingizi. Wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 kwa usiku. Kuanzia miaka 13, saa 8 hadi 10. Aliyechoka hushindwa kujizuia, hata akiwa mtu mzima.

Vipi kuhusu usalama?

Hofu yako ni ya haki. Kubalianeni mambo manne: anacheza wapi, na nani, anarudi saa ngapi, na nani mtu mzima aliye karibu. Wazazi wa mtaa mmoja wanaweza kupeana zamu za kuangalia.

Uwanja uwe mbali na njia ya bodaboda. Baharini asiende bila mtu mzima. Wakati wa bamvua maji hujaa sana. Asiogelee kwenye madimbwi na mito yenye maji yaliyotuama, kwa sababu ya kichocho. Mfundishe pia kwamba mtu yeyote akimgusa vibaya au kumwambia afiche siri, akuambie, na hutamgombeza.

Utafute msaada lini?

Mchezo hautibu kila kitu. Mpeleke kituo cha afya ikiwa amejitenga ghafla, hasira zake zinaumiza watu, hawezi kutulia hata kidogo nyumbani na shuleni, anatumia pombe au bangi, au anazungumzia kujidhuru. Kituo kinaweza kumpa rufaa kwenda Hospitali ya Bombo. Ukihofia kuwa mtoto anafanyiwa ukatili, piga 116, namba ya huduma kwa mtoto. Simu ni bure.

Leo jioni, kabla ya kumwambia “wewe mkubwa sasa”, muulize: “Siku hizi mnacheza nini?” Kisha mpe saa moja aende akacheze.