Waya wa Rejesho, Si Waya Baridi

Kuna kijitabu cha umeme wa majumbani ambacho, kikifika kwenye somo la kuongeza taa ya pili bafuni, kinamwagiza mwanagenzi achukue "waya wa moto" na "waya baridi" kutoka taa ya kwanza. Waya wa moto sina neno nao; mafundi waliuita hivyo bila kungoja kamati iketi. Hilo "baridi" ndilo linalonikera.

Chimbuko lake naliona. Fundi akigusisha testa kwenye waya huo, kitaa hakiwaki, kwa sababu umefungwa ardhini kule kwenye transfoma. Mtunga istilahi akaona giza, akaandika baridi. Laiti angengoja waya huo ukatike taa ikiwa imewashwa! Kipande kinachobaki upande wa taa hupanda hadi volti 230 kwa kupitia balbu, na mtu aliyetoka kuoga akikishika hatapata nafasi ya kufungua kamusi. Isitoshe, taa ikiwaka, mkondo unaopita kwenye waya wa moto ndio huo huo, kwa kiasi kile kile, unaopita kwenye huu. Ubaridi uko wapi?

Wengine, waliojiona wasomi zaidi, walikimbilia Kilatini, ambako neno la Kiingereza linalotafsiriwa, neutral, limetokana na ne na uter, yaani "si huyu wala yule". Wakatupa "waya usiofungamana". Nchi zisizofungamana na upande wowote nazijua, zilikutana Belgrade mwaka 1961. Waya wa bafuni sikumbuki kuusikia ukialikwa. Tena huu umefungamana hasa: umefungwa kwenye taa, kwenye transfoma na ardhini.

Mimi nasema waya wa rejesho. Mzizi ni rejea, tulioupata kwa Waarabu kwa maana ya kurudi. Kiswahili kikajizalia rejesha, kisha rejesho, kwa kanuni ile ile iliyotoa onyesho katika onyesha na fundisho katika fundisha. Hakuna mwanachama wa kikoba asiyelijua: kilichotoka lazima kirudi. Katika kikao cha istilahi, mjumbe mmoja alinipinga kwamba neno hili lina Uarabu mwingi mno. Alinipinga huku akitetea "waya baridi", ambamo waya ni mali ya Mwingereza na baridi imetoka kwa Waarabu hao hao. Sikumjibu, kikao kilikuwa cha heshima.

Pingamizi lenye uzito ni moja tu: umeme wetu ni wa hezi 50, hugeuka mwelekeo mara 100 kila sekunde, basi wa kwenda ni upi na wa kurudi ni upi? Jibu liko kwenye ukuta wa nyumba yoyote iliyofungwa kile kifaa cha usalama kinacholinganisha mikondo ya nyaya mbili. Hakijali mwelekeo. Kinachopita huku kisipolingana na kinachopita kule, tofauti ikifika miliampea 30, kinakata, maana umeme umepata njia nyingine, huenda ni mwili wa mtu. Kifaa hicho kazi yake yote ni kukagua marejesho, na kiliifanya kabla sijaandika makala hii.

Matumizi, kwa haraka: zima meni swichi na uhakikishe; taa ya pili iungwe sambamba na ya kwanza, moto kwa moto, rejesho kwa rejesho, ethi kwa ethi; swichi ikate waya wa moto, kamwe si rejesho, la sivyo holda itabaki na umeme taa ikiwa imezima; swichi ikae nje ya mlango au iwe ya kamba; taa iwe ya kuhimili maji. Usiyejua, ita fundi.

Fundi huyo akisema "nyutro", mwache, sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na wanaosanifu. Na wakilikubali neno langu, wasiliharibu kwenye wingi: ni nyaya za rejesho, si "mawaya ya marejesho" kama nilivyokwisha kuona katika rasimu moja.